Matufaha ya Jumatatu

Bi Dorrie mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi ya tarehe kumi na saba, na tafadhali usinicheke mpaka umalize kusoma, maana nakusoma gazetini kila wiki na najua unavyowacheka watu.

Nina miaka hamsini na mitatu, naishi peke yangu huku juu, mwisho kabisa wa bonde letu la Huon, kazi yangu ni kutengeneza cherehani, watu huziacha barazani na kuzichukua barazani, mimi nawasalimia kupitia dirishani, kwa hiyo mjini wananiita Bibi Dirisha, wala sioni ubaya, wameshanipa majina mabaya zaidi. Sijaingia dukani miaka kumi na mmoja. Nyumba yangu haina hata mlango mmoja wa ndani, niliing'oa yote kwa mikono yangu, mpaka wa choo, na anayelalamika ni paka tu.

Sababu ni hii. Nilipokuwa na miaka tisa mama alikuwa amelazwa hospitali mjini Hobart na baba yuko melini, nikawekwa kwa shangazi yangu aitwaye Una kwenye shamba lake la matufaha, na Ijumaa moja ya mavuno nikala tufaha kutoka kwenye sanduku aliloliandaa kwa maonyesho, na baada ya hapo ninachokumbuka ni giza la chumba cha baridi, kile cha kuhifadhia matunda, nikakaa humo mpaka kesho yake mchana, dereva wa lori alipofungua akanikuta nimejikunja katikati ya masanduku, silii wala sisemi. Shangazi alimwambia daktari, akamwambia polisi, akamwambia na baba, kwamba nilikuwa nacheza nikajifungia mwenyewe. Na mimi niliamini, Bi Dorrie, kwa sababu nakumbuka kabisa mkono ukivuta ule mlango, na kwa miaka arobaini na minne nimejua kwamba mkono ule ni wangu, kwamba mimi ni mtu wa kujidhuru, na mtu wa namna hiyo heri akae mbali na wenzake. Binamu zangu wanaisimulia kwenye kila sherehe, Glenys aliyejifungia na matufaha, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Sasa mwezi wa nne mwaka huu, Jumatatu asubuhi, nafungua mlango wa mbele nakuta tufaha moja kwenye ngazi, limefungwa kwa karatasi nyembamba ya zambarau, na karatasi ile sijaiona tangu utoto, ndiyo tuliyofungia matunda ya kwenda ng'ambo pale shambani kwa shangazi. Jumatatu iliyofuata, jingine. Na iliyofuata. Nikaacha kula, nikawa nalala na bisibisi mkononi, kisha likanijia wazo baya kuliko yote, kwamba labda ninayeyaweka ni mimi mwenyewe bila kujijua, kama nilivyojifungia bila kujijua, basi Jumapili moja nikamwaga unga kuzunguka kitanda changu ili nione nyayo zangu. Asubuhi nikakuta nyayo za paka tu, na tufaha lipo nje. Nilikaa sakafuni nikalia kwa furaha kwamba kuna mtu ananitisha na mtu huyo si mimi. Ona nilipofikia.

Jumatatu ya saba nikamvizia nyuma ya tangi la maji, spana kubwa mkono wa kulia, mfuniko wa sufuria mkono wa kushoto. Alfajiri akaja mwanamume mrefu mwenye mvi, ananyata, kofia ameishika kifuani kama anaingia kanisani. Nikamjua. Ni Errol Pybus, jirani wa ng'ambo ya kijito, mfuga nyuki, aliyefiwa na mkewe zamani.

"Simama hapo hapo," nikamwambia.

"Nimesimama, Glenys. Shusha hicho chuma."

"Kwa nini unanitisha?"

Akashangaa kweli kweli. "Nakutisha? Mimi nilidhani unayala."

"Nimeyazika yote."

"Yote? Matamu yale?" Akatazama chini. "Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Kila nikifika kwenye ngazi hii maneno yanakwisha, naweka tufaha narudi nyumbani."

Karatasi aliikuta kwenye vitu vya marehemu baba yake, aliyefariki msimu wa baridi uliopita, na baba yake alikuwa mchumaji kwa shangazi. Ijumaa ile Errol alikuwa na miaka kumi na mmoja, amekuja kumsaidia baba, akamwona shangazi ananikokota kwa mkono, anaufunga mlango, anasukuma komeo. Shangazi naye akamwona. Akamwambia akifungua mdomo baba yake hatachuma tena tufaha hata moja katika bonde hili.

"Lakini mkono wangu naukumbuka," nikasema.

"Komeo la chumba kile lilikuwa kwa nje," akasema taratibu. "Mtu aliye ndani analisukumaje? Wewe ni fundi, nieleze."

Nikashusha spana. Kila siku nafungua mashine za watu nikitafuta kilichokwama, na sijawahi hata mara moja kulifikiria lile komeo.

Sasa Jumamosi shangazi anatimiza miaka themanini na sita, sherehe ni ukumbini, nimealikwa kama kila mwaka, na Errol anasema atasimama aseme mbele ya watu wote. Moyo mmoja unaniambia mwache aseme. Mwingine unasema yule ni kikongwe, mapafu yake mabovu, je akianguka juu ya keki? Na wa tatu unasema kaa nyumbani na paka. Nifanye nini?

Glenys T.

*

Glenys, nilijizuia vizuri mpaka kwenye mfuniko wa sufuria. Hapo nilicheka, nisamehe.

Nilikuwa muuguzi miaka thelathini kabla sijapewa ukurasa huu, kwa hiyo nisikilize. Mtoto wa miaka tisa akidanganywa na mtu anayempikia na kumlaza, ataamini, atafanyaje? Hukuwa mjinga na hukuwa mwendawazimu. Ulifungiwa, kisha ukatwishwa kosa la aliyekufungia. Lisome hilo kwa sauti, paka asikie.

Sasa nakugombeza. Mtu mwenye akili ya kumwaga unga kupima ukweli alikuwa na akili ya kumpigia simu daktari. Wiki saba hukumwambia mtu yeyote. Usirudie. Na Errol mwambie hivi kutoka kwangu: uoga wa mtoto ninauelewa, ila mwanamume wa miaka hamsini na mitano hazungumzi kwa matunda.

Usiache jambo hili lilipuke Jumamosi kwenye keki. Nenda nyumbani kwa shangazi yako Alhamisi, mchana. Errol aende nawe, na mlango wa sebule muuegemeze kiti ubaki wazi. Mwambie shangazi yako unachokijua, kwa sentensi moja au mbili, kisha nyamaza. Mpe nafasi ya kulisema mwenyewe Jumamosi. Asipolisema, na binamu akianza kichekesho chake, simama wewe umalizie hadithi. Wewe, si Errol. Na Jumatatu uwe zahanati, umwone muuguzi wa wagonjwa wa akili, ni mama mpole na chumba chake kina madirisha matatu.

*

Jibu hilo nilimpelekea kwa posta, kwa kuwa siku zilikuwa zimebana. Wiki hii ameniandikia, na ameniruhusu niwaonyeshe ninyi wasomaji.

"Bi Dorrie, tulikwenda. Errol akaweka kiti mlangoni akasimama karibu nacho. Nikasema yangu. Nilitegemea shangazi akane, au aseme alinisahau tu. Akasema, 'Sikusahau. Nilikuwaza jioni ileile. Nikaenda mpaka mlangoni, nikagonga, hukuitika. Nikaogopa kufungua nikute nini. Nikarudi nikalala na nguo zangu.' Nikamwambia, 'Shangazi, hilo sijui nitalifanya nini.' Akasema, 'Hata mimi sijui, mwanangu.' Jumamosi binamu Keith alipoanza tu, shangazi akagonga meza kwa kijiko. 'Keith, kaa chini. Aliyesukuma komeo ni mimi, na Glenys hakujifungia kamwe.' Keith akaja kuniomba radhi, masikio mekundu, ameshika sahani mbili za keki, nikachukua zote mbili. Kwa muuguzi nimeshakwenda mara mbili. Nauliza mambo mawili. Je, ni lazima nimsamehe? Na Errol ananiomba Jumapili twende Hobart tukale samaki bandarini, nivae viatu gani?"

Glenys, kusamehe si lazima. Kama kutakuja, kutakuja kwa wakati wake, na kama hakuji, umeshapata ukweli wako, ishi nao vizuri. Usimtembelee shangazi kwa kusukumwa na mtu, nenda siku unayotaka mwenyewe.

Viatu vya chini. Hobart ni vilima tu, na nadhani mtatembea sana.