Kengele ya Kugeuza Omena

Jumanne, 4 Machi

Cherehani imekwama tena, sare za shule hazijaisha. Kengele ikalia saa sita, nikaacha kila kitu nikatoka. Kila mara natoka. Wateja wanasema nimerogwa na reli. Sibishi. Tangu taa mpya zifungwe kwenye kivuko cha reli hapa Kisian, hakuna kibanda cha ushonaji kilichokaa pazuri kama changu. Treni yenyewe bado. Ni Wafula, fundi wa taa, anayejaribu mitambo kila mchana. Anaunganisha reli mbili kwa waya, kisanduku cha mitambo kinadhani magurudumu ya treni yamefika, kengele inalia, taa nyekundu zinapepesa, kizuizi kinashuka barabarani. Anatoa waya, kimya. Mimi mwanamke mzima natazama huku nimeshika futi ya kupimia.

Akina mama wa omena, hawa dagaa wa ziwani, nao wamefanya kengele kuwa saa yao. Tangu reli ilale bila treni, wanatandaza neti na kuanika kwenye kokoto katikati yake. Mawe yana joto na mbuzi hawapapendi. Sasa kengele ikilia, wanaingia relini kugeuza omena. Mama yangu mbele yao. Nilicheka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeacha kucheka.

Kengele imewekwa ili iwaondoe watu relini. Hapa inawaita. Leo nilisimama mlangoni nikawaona wakiinuka kivulini wote pamoja, mabeseni mkononi, huku taa zinawaka. Hakuna aliyeangalia kushoto wala kulia.

Jumamosi, 8 Machi

Nilienda Kisumu kutazama treni ya Nairobi ikiingia. Tulikuwa wachache, wale wale wapenzi wa treni wa kila wiki, na simu zetu juu. Mmoja akasema njia ya Butere, hii inayopita kwetu, itajaribiwa wakati wowote, kichwa cha treni na mabehewa ya kokoto. Wenzangu wakafurahi, mmoja akanipongeza kabisa. Nimetamani treni ipite mlangoni pangu tangu niko darasa la tatu. Njiani kurudi nilikuwa naona mabeseni relini tu. Picha zote zimetoka mbaya.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Mama treni inarudi. Akaniangalia kama mtoto anayeogopa paka.

"Nyathina, mwanangu, hiyo treni inakuja kwa mdomo tangu nikiwa na meno yote."

Nikamfuata Wafula, nikamwomba abadilishe saa ya kujaribu, akina mama waache kuizoea. Akasema pole. "Madam, mimi natest tu vile nimeambiwa. Hiyo ratiba ni ya ofisi." Hana ubaya. Lakini nilitaka kumrushia mkasi.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata dawa. Kabla ya kengele natoka na sufuria na mwiko, nagonga. Sufuria ni ya kugeuza omena. Kengele ni ya kukaa kando. Nilipita neti hadi neti nikieleza. Walinicheka mpaka wengine wakakaa chini, wakaniita mwalimu wa sufuria. Lakini waligeuza, na kengele ilipolia walibaki kivulini.

Isipokuwa Mama. Eti omena hawageuzwi kwa kelele ya jikoni. Ameingia relini kengele ilipolia kama kawaida, taratibu, mgongo kwa Kisumu. Upande ambao treni itatokea.

Jumatano, 12 Machi

Wafula amesema ni kesho.

Nilimwambia Mama kesho ni treni ya kweli. Akasema kesho pia ni jua la kweli. Nikapandisha sauti. Akaanza kuosha beseni lake, na akifika hapo mambo yamekwisha. Nikiondoa neti zake asubuhi atazirudisha, namjua. Nimekata kitambaa cha mtu vibaya. Namkasirikia, na ninaogopa, na bado kuna sehemu yangu inayotaka kesho ifike haraka. Sehemu hiyo naichukia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimegonga sufuria. Wamegeuza, wametoka. Kengele ikalia. Mama akainuka na beseni.

Nilikimbia. Wafula alikuwa anapuliza filimbi, watu wa pikipiki wanapiga kelele kwenye kizuizi, na Mama akadhani kelele zote nimezipanga mimi. Nilimkumbatia kiunoni nikamvuta, akanipiga beseni begani. Tukaanguka kwenye nyasi. Nikamlalia. Honi ikalia ndefu, ardhi ikatetemeka, moshi, upepo wa moto mgongoni. Sikuinua kichwa.

Neti yake moja imeenda na treni. Siandiki zaidi.

Jumamosi, 15 Machi

Sikwenda Kisumu. Bega limevimba. Wenzangu wa treni wametuma ujumbe siku mbili mfululizo wakiuliza kichwa kilikuwa cha namna gani, rangi gani, mabehewa mangapi. Sijawajibu. Sikuona chochote. Niliona nyasi na sikio la Mama.

Jioni alikuja na uji. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akatazama reli. Kisha akaanza kusimulia mwenyewe. Kwamba yeye alikuwa chali, kwa hiyo aliona yote, juu ya bega langu. Kwamba kichwa ni cha njano, kimechakaa ubavuni. Kwamba kuna mwanamume alikuwa amekaa juu ya kokoto kwenye behewa la mwisho, akapunga mkono, naye akampungia.

Nikamwomba aanze tena, polepole. Akaanza tena.