Nilivyoiziba Njia ya Maji Uliyoichimba

Mtani wangu Masanja,

Ni mimi, Mzaramo wako wa Vihingo. Naandika kwa mkono wangu. Darasa la pili langu linatosha.

Lambo letu lipo. Kuanzia hapa mpaka Masaki hakuna lambo la mtu binafsi linalolifikia, na tuta nililishindilia mimi kwa miguu hii. Wewe ulisimamia tu, ukasirike usikasirike.

Ila kuna jambo. Ile njia ya ubavuni uliyoichimba ili maji yakizidi yatokee, niliiziba. Kambare wangu walikuwa wanatorokea pale. Baada ya arobaini yako nikapanga magunia ya mchanga, nikajisifu kijiji kizima. Unakumbuka nilivyokucheka ukiichimba? "Pana hivi, unapitisha ng'ombe wa mahari?" Ukanijibu, "Maji ni mgeni, Mzaramo. Mpokee, lakini mwoneshe na pa kutokea."

Basi masika haya imenyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne nikapanda juu ya tuta. Mtani! Maji yamebakiza upana wa kiganja yamwagike. Hayana kelele. Mapana, meusi, yametulia tu, yananiangalia. Huku chini mguu wa tuta umeanza kutoa jasho, na mbele yake paa la nyumba yako, moshi wa chai ya mkeo unapanda.

Nikaita jina lako. Nikaingia majini, nikayavuta magunia kwa mikono, moja, la pili, la tatu. La nne likaondoka lenyewe. Na maji, loo, yakageuka! Lambo zima likageuka kama kundi lililosikia mluzi wa mchungaji, likashika njia yako, likapita kando ya nyumba mpaka bondeni, hata banda la kuku halikuguswa. Nilisimama pale mpaka adhuhuri. Uzee wote huu sijaona kitu kikubwa vile kikitii.

Nikaenda kwa shemeji, nikamwambia ni mimi niliyeziba. Akasema, "Marehemu aliniambia utaiziba." Akaingia ndani, akanitolea jembe lako.

Kambare wameondoka karibu wote. Waende. Kila kabla ya masika nitaifyeka njia ile mwenyewe na kulipita tuta hatua kwa hatua, na siku miguu ikikataa, watanibeba.

Lala salama, mtani. Jembe nimelitia mpini mpya wa mninga. Mzuri kuliko wako.