Vigelegele vya Alfajiri Malaz

Rehema mwanangu, mama yako mzima hapa mtaa wa Malaz, Riyadh, alhamdulillahi.

Madam wangu, yule injinia Mkolombia wa reli, amepewa tuzo Marekani, ile ya mainjinia na wanasayansi wa asili ya kwao, wasemao Kihispania. Kazi ilimzuia kwenda, basi tukatazama sherehe kwenye kompyuta baada ya sala ya alfajiri. Jina lake likasomwa, watu wakapiga makofi, naye kajikunyata kwenye kochi analia, hana ndugu hata mmoja wa kumshangilia. Nikashindwa kuvumilia, nikapiga vigelegele hadi jengo likaamka!

Mara jirani yetu Mama Fahad huyo mlangoni, birika la gahawa mkononi. "Mabruki! Bi harusi yuko wapi?"

"Mafi harusi, mama, hakuna. Injinia wetu kapata tuzo."

"Sasa mbona umenyamaza? Endelea!"

Nikaendelea, mwanangu. Vya kwanza vilikuwa vya madam. Vya pili nilikupigia wewe, kwa mahafali yako ya ufundi umeme ambayo sikuwepo. Namshukuru Mungu kunipa nafasi ile. Akulinde kazini, na nyaya zikutii.

Mama yako akupendaye