Kambare Niliowashibisha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla ya yote nijulishe habari za goti lako, na unijibu ukweli, siyo lile neno lako la "sijambo" ambalo hulitumia hata ukiwa umeshikilia ukuta. Sisi huku ni wazima. Mume wangu anakusalimu sana, na anasema randa yake ya useremala bado inamtii.

Barua yako niliipata, nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Umeniandikia kwamba mdogo wangu amelemewa tangu mumewe afariki, kwamba watoto watano ni mzigo kwa mtu mmoja, na kwamba nimchukue mmoja wao, yule mwenye mwanya, nimlee kama mama mdogo alivyonilea mimi nilipokuwa na umri kama wake. Umesema mdogo wangu ameridhia, ingawa alikubali akiwa ametazama pembeni. Unataka jibu. Jibu ninalo, mama, ila nivumilie kwanza nikupe habari za mabwawa, kwa sababu bila hayo mabwawa nisingekuwa na jibu lolote la maana.

Unakumbuka kwamba chuo kilinichukua nitunze samaki kwa majaribio tu. Mkuu wa chuo, mama asiyependa maneno mengi, aliniambia wazi kwamba nikipeleka jikoni samaki wa kujaa sahani nitapata ajira ya kudumu na ile nyumba ya vyumba vinne iliyo kando ya mabwawa. Nikishindwa, mabwawa yatafukiwa, pawe mahali pa kuegesha magari.

Basi nikaanza na perege. Mama, perege wanazaana! Jike anatunza mayai mdomoni, vitoto vikitoka vikaona hatari vinarudi humo humo mdomoni kwa mama yao. Nilikuwa nikiwasimulia watu kama bibi aliyepata wajukuu. Nikazidisha chakula, nikapiga marufuku mtu kuvua wadogo. Baada ya miezi kadhaa bwawa lilikuwa linachemka samaki, lakini wote urefu wa kidole, na hivyo vidole navyo vikaanza kutaga mayai. Mpishi wa chuo, ambaye ulimi wake haujawahi kupata likizo, aliniuliza kama nimemletea samaki au pini za nywele. Jiko zima lilicheka. Na mimi nikacheka nao, kisha nikaenda stoo kulia.

Aliyeniokoa ni afisa wa uvuvi, dada mmoja tunayemwita Miwani. Alinieleza bila kunidharau kwamba bwawa lina kiasi chake. Chakula na hewa vikigawanywa kwa wengi kupita kiasi, kila mmoja anapata cha kumweka hai, hakuna anayepata cha kumkuza. Akanishauri nitie kambare wachache, wasio wakubwa sana, wawe wanakula vile vitoto tu ili waliobaki wapate nafasi.

Nikawatia. Lakini kila nikisimama ukingoni na kuona vitoto vinakimbilia kwenye maji ya kina kifupi, moyo ulikuwa unanichoma. Nikabuni njia yangu ya katikati: nikawa nakusanya makombo ya jikoni nawapa kambare washibe, ili wasiwe na haja na watoto wa wenzao. Nilijiona mwerevu kupita Miwani na chuo chote. Aliporudi, alikuta kambare wamenona kama mito ya kulalia, wametulia chini hawana habari na mtu, na perege wamezidi kuwa wengi. Nilipomweleza nilichofanya, alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Alisema nimeajiri mlinzi halafu nikamlipa ili alale.

Nikaacha makombo. Roho iliniuma, sikufichi. Lakini kambare walirudi kazini, na perege waliobaki wakaanza kutanuka migongo, mmoja mmoja, mpaka ukimwona unasema huyu sasa ni samaki. Wiki iliyopita tulivuta wavu. Mpishi mwenyewe alimlaza mmoja kwenye sahani, mkia ukatokeza nje, akakosa la kusema, na kwa mtu yule hiyo ni sifa kubwa. Siku hiyo hiyo mkuu alinithibitisha kazini na kunikabidhi funguo za nyumba. Namshukuru Mungu, namshukuru Miwani, na hata mpishi namshukuru, maana bila kejeli zake ningeendelea kuhesabu pini za nywele kama utajiri.

Sasa nikujibu. Najua utasema, unaona, hata samaki wakipunguzwa wanakua, basi mchukue huyo mmoja. Ni kweli, mimi nilikua. Kwa mama mdogo nilishiba, nilisoma, nilivaa viatu vya kunienea. Nyumbani tulikuwa wengi kwenye sinia moja, na wewe ulikuwa unasema umeshiba kabla hujanawa mikono. Nilikuona, mama. Sijawahi kukulaumu. Asante kwa kunitoa, maana najua uliniachia ukiwa hutaki kuniachia.

Lakini kuna jambo sijakuambia miaka yote hii, wala mama mdogo sikumwambia. Kule nilipewa kitanda kizima peke yangu, na nililala ukingoni, nikiwaachia nafasi wenzangu niliowaacha nyumbani. Mama mdogo alikuwa akinisogeza katikati, asubuhi ananikuta ukingoni tena. Mpaka leo, na utu uzima huu, bado nalala hivyo, na mume wangu ameshachoka kuniuliza ni nani mwingine anakuja.

Kwa hiyo yule mwenye mwanya simchukui, mama. Nawataka wote watano, na mama yao. Bwawa sikuweza kulipanua, lakini nyumba ninayo, na sisi humu ni wawili tu. Nimemwambia mkuu, akajibu kwamba nyumba ni yangu na nijaze nitakavyo. Jikoni wanahitaji mtu, na mpishi yuko tayari kumpokea mdogo wangu, mradi asiwe na huruma kama ya dada yake. Mume wangu alikwenda moja kwa moja kununua mbao, na tangu juzi karakana yake imejaa vitanda. Mwambie mdogo wangu afunge mizigo, na lile sufuria kubwa asiliache.

Nisalimie majirani wote, nisalimie mama mdogo, na umbusu kila mtoto kwa niaba yangu mpaka nitakapowabusu mwenyewe. Chumba cha nne kina dirisha linalotazama maji. Hakijapangiwa mtu, na goti lako lingepumzika vizuri humo; tunasubiri neno lako.

Ni mimi mwanao,
mama mkubwa wa watoto watano.