Alama Tatu za Shoka

Kentaki, Machi 1784

Wifi yangu Keziah,

Huku hatujambo. Ng'ombe amezaa, chumvi imetuishia. Kaka yako naye amekufa.

Unaniuliza kama kweli alikuwa mtu wa kwanza kufika bonde hili. Alipofika, Washoni, Wahindi Wekundu wenyeji wa hapa, walikuwa wanavuna mahindi yao, na ndio waliomlisha. Lakini yeye kila mti mkubwa aliuchanja alama tatu za shoka, ijulikane kuwa ardhi ni yake.

Januari akaondoka tena, kwenda kuvumbua. Jirani yetu Micajah alikutana naye kwenye theluji, macho yamemwiva.

"Kuna mwizi kanitangulia," akamwambia. "Kila ninapofika, nakuta miti imeshachanjwa alama tatu. Leo namshika."

"Bwana Asahel, si alama zako hizo? Unazunguka palepale. Twende nyumbani, shemeji anakungoja."

"Wewe unajua nini kuhusu msitu? Mkulima wa maboga wewe."

Siku ya tisa Micajah alimkuta ameganda chini ya mti, shoka mkononi. Siku zote hizo tisa nilikuwa namwekea mkate wake wa mahindi jikoni. Usiniulize kwa nini.

Sasa mnataka jiwe lenye neno "Mvumbuzi". Jiwe sina. Nimemzika chini ya mti uleule, na mti nikauchanja alama tatu. Siku ya ufufuo akiamka, atatukana kwamba kuna mtu kamtangulia.

Ni mimi wifi yako,
Tabitha