Bakora Uliyompiga Athumani

Dar es Salaam, mwezi wa Rajabu

Kwa ndugu yangu Mwalimu Shaibu bin Hamadi, Chole, Mafia.

Shikamoo yako uliyonitumia kwa vinywa vya wanafunzi wako imefika, marahaba. Natanguliza salamu kwa kuwa marehemu baba alitufundisha kuzitanguliza, la sivyo ningeanza na ugomvi moja kwa moja. Hujambo? Mama yetu miguu yake inaendeleaje? Mkeo amejifungua salama? Huku mimi na shemeji yako tu wazima wa mwili. Wa roho si wazima, na sababu ni wewe.

Kabla sijaendelea ujue kwamba anayeshika kalamu ni Athumani, mpwa wako. Mimi herufi za Kizungu sizijui, na mwandishi wa kulipwa simtaki asikie aibu zetu. Mtoto anaogopa kuyaandika haya. Kila nikitaja jina lako anafuta jasho. Nimemwambia, andika kama ninavyosema, usipunguze hata neno.

Ulinitumia watoto watatu, Athumani, Bakari na Sefu, waje kufanya mtihani wa mwisho wa skuli yako mbele ya Wadachi, Wajerumani hawa wenye serikali. Jioni ile walipofika waliketi uani wakanisomea hesabu zote kwa sauti moja, wakiyumba kama wako chuoni wanasoma Kurani. Nilifurahi, Shaibu. Niliita majirani waje wasikie. Nikachinja kuku wangu anayetaga, nikapika wali wa nazi, nikasema ndugu yangu huko Chole amefanya kazi.

Siku ya mtihani shemeji yako aliacha useremala wake akawapeleka skuli ya serikali ya hapa mjini, akaketi barazani chini ya dirisha. Watoto wakaitwa mmoja mmoja. Mzungu mwenye kuuliza ni mtu mzima mwenye ndevu, na Kiswahili anakisema vizuri. Akaandika ubaoni saba mara nane ni hamsini na nne. Akamwuliza Bakari, "Ndivyo?" Bakari akajibu, "Ndivyo, bwana." Akaja Sefu naye, "Ndivyo, bwana." Shemeji yako anasema pale nje alitamani kupenyeza kichwa dirishani. Mwisho akaingia Athumani. Huyo Mzungu alimwuliza mara mbili, "Tazama vizuri, kijana. Ndivyo?" Athumani akatazama chini akasema, "Ndivyo, bwana." Mzungu akafuta ubao, na mtihani ukawa umekwisha.

Waliporudi sikuwapa hata maji kwanza. Nilimwuliza Athumani, "Hesabu ile ulikuwa huijui?"

"Naijua, mama mkubwa. Ni hamsini na sita."

"Mbona ukasema ndivyo?"

Aliyejibu ni Bakari. "Huyu alishachapwa kwa jambo hilo, bibi. Siku liwali alipokuja skuli, mwalimu alikosea ubaoni, Athumani akamwambia. Akachapwa bakora mbele ya liwali, kisha akatakiwa abusu mkono wa mwalimu na kuomba radhi. Toka siku ile sisi sote tunasema ndivyo."

Shaibu! Ulimchapa mtoto kwa kusema kweli? Mtoto wa dada yako, wewe mjomba wake, mtu ambaye angekimbilia kwako hata baba yake akimfukuza? Nilikaa jikoni nikalia kwa hasira mpaka wali ukaungua. Uliona haya mbele ya liwali, basi ukaitua haya yako mgongoni mwa mtoto. Halafu unamleta kwa Mzungu ukitaka afaulu! Umewafundisha hesabu vizuri sana, kisha ukawafundisha wasizitumie.

Wala usiniambie habari za adabu. Adabu nimelelewa nayo nyumba moja na wewe. Baba aliposahihishwa aya na mwanafunzi wake alikuwa akisema, "Ahsante, mwanangu," na kuendelea kusomesha. Na baba alikuwa na heshima kuliko wewe na kanzu yako ya serikali iliyopigwa pasi.

Sasa sikiliza yaliyobaki. Shemeji yako alikwenda kwa mwalimu wa pili wa pale skuli, Mswahili mwenzetu, akamwangukia miguuni. Mtu yule amesema na mkubwa wake, na Athumani ataulizwa tena baada ya Idi, mara moja tu. Bakari na Sefu wazee wao wamewataka nyumbani, wamekwisha kupanda chombo. Athumani nimemzuia kwangu. Unajua kinachomngoja. Akifaulu, atabaki hapa asome, awe karani. Akikosa, baba yake ameapa kumpeleka shamba la Mzungu akapasue nazi na kukausha mbata, mtoto anayepiga hesabu za idadi ya vigae vya paa kwa kujifurahisha.

Basi nimekuwa mwalimu mimi nisiyejua kusoma. Kila siku namwongopea ili anikatalie. Ijumaa iliyopita alikuwa amekwisha kuoga, amevaa kanzu na kofia, yuko mlangoni anakwenda msikitini. Nikamwambia, "Athumani, leo Jumanne." Akasema, "Ndivyo, mama mkubwa." Nikataka kucheka, nikashindwa. Shemeji yako humwonyesha ubao wa mvule akamwambia ni mkoko, na mtoto aliyekulia Mafia, anayeujua mkoko tangu hajaota meno, anakubali. Tukimbana sana hutazama vidole vya miguu. Siku zinakwenda.

Na wewe huko una wengine darasani watakaoletwa baadaye. Wewe usiwaulize kwa kundi, maana kundi linamficha asiyejua na linamfunga mdomo anayejua. Simamisha mmoja, umwulize katikati ya hesabu pasipo kumwanzia mwanzo. Akipita nahodha au fundi yeyote, mkaribishe ndani awaulize yeye, wazoee sauti ya mgeni. Na ukosee ubaoni kwa makusudi, Shaibu, halafu ungoje. Atakayekusahihisha msifu mbele ya wenzake, hata kama liwali ameketi hapo, na hasa kama ameketi. Bakora ipeleke jikoni ikachemshe maji.

Nisalimie mama yetu, mwambie dawa ya miguu naituma kwa chombo kingine. Nisalimie dada yetu Mwanaidi huko Juani, mama wa huyu mtoto, na mwambie mwanawe anakula vizuri, habari za bakora nitamweleza mwenyewe uso kwa uso. Mkeo mpe pole na hongera. Bibi jirani anayesuka mikeka mwambie mkeka wake ndio naulalia.

Hapa nilitaka kufunga barua kwa wema. Nikamwambia Athumani, "Andika: mpwa wako anakusalimu, na amekwisha kukusamehe." Kalamu ikasimama. Nikasema, "Andika, mwanangu." Haikwenda. Nikadhani wino umekauka.

"Sivyo, mama mkubwa," akasema.

"Sivyo nini?"

Akainua uso akanitazama machoni. "Sijamsamehe. Ukisema nimesamehe si kweli."

Shaibu, nimemkumbatia mtoto huyu hata wino umemwagika, kama unavyoona hapa pembeni. Kisha nimemwamuru aandike vile vile alivyosema. Njoo kabla ya Ramadhani. Keti mbele yake umwambie kwamba siku ile uliyekosea ni wewe. Na akikujibu lolote, mikono yako iweke mapajani.

Ni mimi dada yako, Zuhura binti Hamadi.

Aliyeandika ni Athumani, mpwa wako. Saba mara nane ni hamsini na sita.