Vidole Viwili Chini ya Tepu

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata kazi! Ina meza, ina kiti, ina feni — feni haizunguki, lakini ipo! Naandika haraka maana Mheshimiwa amelala ndani ya sanduku la fomu, miguu nje. Ndivyo tunavyomwita binti yangu; ana miezi tisa na meno mawili, na akiamka hakuna anayeandika kitu.

Kazi yenyewe: kupima viuno. Kweli kabisa! Serikali inajaribu mpango kwenye kata tatu. Mlipa kodi ambaye kiuno chake hakizidi nusu ya urefu wake anagongewa muhuri, kodi yake ya mwaka inapunguzwa. Aliyezidi hadaiwi zaidi, ila punguzo halioni. Ana nafasi ya kurudi mara moja tu, Ijumaa tarehe 28. Walitaka manesi, manesi wakasema wana wagonjwa. Ndipo Afisa wa kodi akamkumbuka fundi aliyemshonea suruali. Mimi! Miaka saba na tepu shingoni, leo imekuwa tepu ya serikali.

Kata tatu, wapimaji watatu. Mwishoni atabaki mmoja, kazi ya kudumu. Mshahara wa kila mwezi! Mheshimiwa, sikia hiyo.

Afisa alijitoa apimwe wa kwanza, awe mfano. Urefu inchi sabini. Kiuno thelathini na sita. Nusu ya sabini si thelathini na tano? Halafu mtu nyuma akaguna, basi wote tukavunjika mbavu, yeye peke yake hacheki. Akachukua kalamu akajiandika mwenyewe: HAJAPITA.

Alhamisi, 6 Machi

Watu mia na kumi leo. Mgongo si wangu tena. Uzuri wa kazi hii, mikono inaijua yenyewe. Mimi nasinzia, yenyewe inapima.

Vituko! Mmoja kavuta tumbo ndani mpaka macho yakamtoka. Nikamwambia taratibu, kaka, mimi nina muda, tuone nani atachoka kwanza. Alichoka yeye. Mwingine kajifunga kamba ya magunia chini ya shati. Akipumua inalia kama kitanda.

Mchukuzi wa sokoni ndiye aliyenigusa. Mwili jabali, shingo kama kinu. Kazidi inchi moja.

"Fundi, mimi nabeba magunia sitini kwa siku. Ghorofa ya pili! Na yule?" Akamnyooshea kidole karani wa stoo, aliyekuwa anapepea muhuri wake ukauke. "Yule amekonda kwa sigara. Akipanda ngazi tatu anaita mama yake. Ndiye anapunguziwa kodi?"

Karani akasema wivu hauna dawa. Foleni nzima ikaanza kubishana. Mmoja anasema serikali ingelipa kwa jasho, mwingine anasema jasho litapimwa na nini, kikombe? Mimi nikaendelea kuvuta tepu. Nyumbani kwetu ngazi ni sitini na nne. Nazipanda na mtoto mgongoni na ndoo mkononi, mara tatu kwa siku. Wakianza kupima kwa ngazi, serikali ndiyo itakayonilipa kodi mimi.

Mwisho kabisa akaja mama mkwe. Anauza mabeseni sokoni, na alikuja na wenzake wote nyuma yake kama anakwenda kuposa. Urefu sitini na mbili. Kiuno thelathini na mbili na nusu. Kazidi inchi moja na nusu.

"Mwanangu! Hata kwa mama mkwe wako?"

"Mama, tepu haina mkwe."

Wenzake walicheka mpaka wakashikana. Yeye akanitazama kama nimemuibia beseni.

Jumanne, 11 Machi

Mama mkwe anakimbia!!

Nimemwona kwa macho yangu asubuhi, natundika nepi dirishani. Mbele yeye, nyuma wanawake tisa wa sokoni, wote waliozidi. Viatu vya kila aina. Mmoja anapiga beseni kwa mwiko ili wasipotezane. Mwendesha baiskeli kawapisha mpaka kaingia mtaroni. Mama mkwe bila kugeuka: "Pole baba, tunapunguza kodi!"

Mheshimiwa kapiga makofi. Ndiyo mara yake ya kwanza kupiga makofi. Nimeandika hapa nisisahau.

Jumamosi, 15 Machi

Nimecheka mpaka nimelia, halafu nikalia kweli kidogo, halafu nikacheka tena.

Nilimshonea mama mkwe sketi, kumtuliza roho. Sikumpima upya, nilichukua namba ya kwenye fomu, nikaongeza inchi moja asije akasema inambana. Amekuja leo mchana kuijaribu. Akaivaa, ikateleza ikakaa nyongani. Akacheza hatua mbili kuionyesha — chini! Yote! Amesimama sebuleni na gagulo lake la maua, mume wangu anakimbilia jikoni, Mheshimiwa anashangilia.

"Nimekonda!" Mama mkwe huyo, anaruka. "Siku nne tu! Nimekonda!" Akamkumbatia mtoto, akanikumbatia mimi, akaiambia redio.

Nami nimepiga magoti na pini mdomoni, nimeganda. Maana nilikuwa nampima kiuno. Na nikaviona vidole vyangu. Viwili. Chini ya tepu.

Shangazi alinifundisha hivyo, aliyenipa cherehani: weka vidole viwili, mtu apate kupumua ndani ya nguo. Miaka saba sijawahi kupima bila hivyo. Mkono unaviingiza wenyewe. Nilivitoa, nikasoma tena. Thelathini na moja. Nusu ya sitini na mbili ni ngapi?

Mama mkwe alikuwa amepita. Tangu siku ile ile! Na mchukuzi. Na Afisa! Nimewawekea watu wote nafasi ya kupumua, na serikali imewanyima punguzo kwa ajili yake.

Nikaipunguza sketi hadi thelathini na moja kamili, bila vidole. Ikamkaa kama ngozi. Kaondoka akiimba.

Jumapili, 16 Machi

Sijamwambia mtu. Nimekaa nikapanga. Tarehe 28 si wanarudi wote? Nitapima bila vidole, watapita, hakuna atakayejua. Na wanakimbia! Goti la mama mkwe halilalamiki tena, juzi kambeba Mheshimiwa ngazi zote sitini na nne. Nikisema leo, kesho wanarudi kukaa. Na mimi narudi kungoja mteja aje kuchukua gauni ndipo tule.

Mpango mzuri sana. Mbona nimeshona pindo lile lile mara tatu?

Alhamisi, 20 Machi

Afisa sasa anapanda ngazi za ukumbi, halafu anashuka, halafu anapanda tena, tai begani. Kanisifu. Daftari langu ni safi kuliko ya kata nyingine, hakuna anayepima kwa ukali kama mimi! Nafasi ni kama ya kwangu, kasema.

Nikamwambia ahsante. Vidole nikavificha nyuma.

Jumatano, 26 Machi

Mchukuzi kaanguka. Hakuumia, ashukuriwe Mungu. Alikuwa anapandisha gunia kwenye ghorofa ya stoo, mkabala na ukumbi wetu. Magoti yakakataa. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, unga umemjaa kichwani kama bwana harusi aliyemwagiwa mchele, wenzake wanamtania. Hacheki. Midomo imemkauka.

Nikamuuliza umekula? Kasema hali chakula cha mchana tangu siku niliyompima. Wiki tatu! Anabeba sitini kwa siku na maji tu. "Inchi moja, fundi. Moja tu. Watoto wangu wamenicheka, nimewaahidi."

Nikahisi aibu mpaka kwenye kucha. Nilikuwa na mkate mume wangu aliouoka alfajiri. Nikauvunja nikampa.

"Kula, kaka. Ulishapita."

"Nimepita lini?"

"Siku ile. Nilikosea mimi."

Kajipangusa uso, unga unadondoka. Kisha kaanza kula. Kala mkate wote, kaomba na wa Mheshimiwa, Mheshimiwa kamnyima. Hapo ndipo alipocheka. Kasema nikafie mbele na vidole vyangu. Nimestahili.

Nimemweleza mume wangu nilipofika tu. Kasema kazi ya mshahara haiokotwi njiani, nifikirie. Kakuna kichwa. Halafu kasema keshokutwa, akitoka tanurini, atambeba mtoto yeye, ili mimi nimuwahi Afisa kabla milango haijafunguliwa.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika nimekaa benchi la nje. Nimeambiwa nisubiri.

Nilimkuta Afisa kwenye ngazi, anahema. Nikasema yote kwa pumzi moja, nisije nikapata nafasi ya kujihurumia. Vidole, shangazi, sketi, mchukuzi. Na kwamba nimejua tangu tarehe 15 na nikanyamaza. Hilo ndilo lilikuwa gumu.

Yeye akaweka mkoba chini. Akafungua mkanda. Nikarudi nyuma! Akanyanyua mikono.

"Pima. Kwanza kwa vidole."

Thelathini na tano na nusu.

"Sasa bila."

Thelathini na nne.

Akafunga mkanda. Tundu moja zaidi ya mwanzo, niliona. Kasema, dada, umenitia aibu mbele ya ukumbi mzima. Kisha kasema lakini sijalala vizuri hivi tangu nioe. Sijui ndiyo amenisamehe au vipi. Kaingia ofisini na daftari langu, kafunga mlango. Yuko kwenye simu na wakubwa. Nasikia "vidole", halafu "ndiyo mkuu, vidole", halafu "viwili, mkuu".

Foleni inaanza kujaa. Mchukuzi yupo wa kwanza, anatafuna. Mume wangu kaja na Mheshimiwa, wote wawili wana unga puani. Nikifukuzwa, nimefukuzwa. Lakini mbona nimekuwa mwepesi hivi? Nataka kucheka na hakuna kilichochekesha.

Beseni hilo! Nalisikia kona ya pili. Wanakuja, wote tisa na mkubwa wao. Sasa hivi lazima nimwambie mama mkwe kwamba hakukonda kwa siku nne, kwamba alicheza na gagulo bure. Mungu wangu, kumbe namwogopa yeye kuliko Afisa!

Nimemwambia. Katikati ya njia, wenzake wanasikiliza. Uso umemsawijika. Beseni limenyamaza.

Lakini naona kitu. Amevaa ile sketi. Ile niliyoipunguza mwenyewe, thelathini na moja kamili, bila vidole. Na ameishika kwa ngumi, kiunoni, isidondoke.

Ameona ninapotazama. Naye ametazama chini. Sasa ananyanyua mkono mmoja tu, ule mwingine hauthubutu kuachia — "Nipime, mwanangu! Hapa hapa! Na hivyo vidole vyako nivione juu!" Mlango wa Afisa nao unafunguliwa, ananiita. Mama mkwe anasema asubiri. Ngoja niweke kalamu —